Njia ya Ndoo

Vijana wangu wa ofisi ya afya, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru. Ni zawadi nzuri kumpa mtu ambaye hana tena haraka ya kwenda popote. Nimeitundika sebuleni kwangu hapa Wanale, Mbale, na inakwenda mbele kidogo, kama nilivyokuwa mimi enzi zangu.

Lakini siku ile palitokea jambo langoni, nanyi nyote mliliona. Mkubwa wenu alikuwa katikati ya hotuba, mimi nikainuka kwenye meza ya wageni nikatoka nje na shada la maua shingoni, hotuba ikabaki hewani. Baadaye wengine mliniuliza, wengine mliona haya kuuliza. Nimeamua kuwaandikia. Ila jambo lile halielezeki kuanzia langoni. Lazima nianzie Jinja, nyuma ya nyumba za watu.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuja vikiwa vimechelewa, na mshahara mnaujua, maana ndio huo huo mnaoupokea nyinyi.

Nilizaliwa hapa hapa Mbale. Baba alikuwa dereva wa lori, Mgisu Mwislamu. Mama alitoka Mumias, upande wa Kenya. Walipooana hakuna aliyejua vizuri lugha ya mwenzake, kwa hiyo nyumbani kwetu tulibembelezwa kwa Kiswahili na tulichapwa kwa Kiswahili. Majirani walikiona ni lugha ya askari. Kwangu mimi ilikuwa sauti ya mama akiniambia njoo ule. Nilisomea kazi ya kuwazuru akina mama na watoto majumbani, na nilipomaliza nikapelekwa Jinja. Ofisini waliniita Sista Zaitun, mtaani waliniita musawo, kama wanavyowaita wote wanaobeba dawa.

Jinja ya wakati ule nyinyi hamkuiona. Viwanda vya nguo vilipiga king'ora asubuhi na mji mzima ukaamka pamoja. Barabara zilikuwa pana na zina miti ya maua, na nyumba za mtaa wa kuelekea ziwani zilikuwa na veranda, gereji za magari, na ua wa michongoma uliokatwa sawasawa. Watu walisema ukitaka kuona Ulaya bila pasipoti, nenda Jinja. Nami niliripoti kazini nikiwa na gauni jeupe na viatu vyeupe vipya, nikijiona daktari mkuu.

Nilikabidhiwa kwa Mzee Barasa, msimamizi wa usafi wa mji, Mluhya wa Kenya aliyekonda kama ufito. Hakunitazama usoni. Alitazama miguu.

"Binti, hizo ni viatu ya mlango ya mbele," alisema. "Sisi tunaenda nyuma."

"Nyuma ya nini, mzee?"

"Nyuma ya hii yote unaona."

Kati ya safu mbili za zile nyumba nzuri kulikuwa na kichochoro, upana wake wa kupita mkokoteni. Zamani ilikuwa njia ya wachukuzi wa ndoo za chooni, na Mzee Barasa mwenyewe alianza kazi akiwa mmoja wao. Kila ukuta ulikuwa na kidirisha cha chuma chini kabisa, ambapo ndoo ilitolewa na kurudishwa. Nilipofika mimi nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kuwekewa vyoo vya maji, lakini kichochoro kilibaki na vidirisha vyake, na jina lake likabaki: njia ya ndoo.

Na kilikuwa na watu. Mpishi na mkewe na watoto wao katika chumba cha mtu mmoja. Mlinzi katika banda la kuni. Yaya aliyelea mtoto wa tajiri ndani ya nyumba, na wa kwake akimlea nyuma ya tangi la maji. Ukipita barabarani ungeapa kuwa mtaa ule una watu wachache na mbwa wengi. Ukipita nyuma, watoto walikuwa wakitoka kila pembe kama siafu baada ya mvua. Viatu vyangu vyeupe havikufika adhuhuri.

Mzee Barasa hakuwa mtu wa maneno. Mfukoni alikuwa na ufunguo mkubwa wa zamani, na kabla ya kupita nyuma ya kila nyumba aliinama akaugonga polepole kwenye kile kidirisha cha chuma, ko, ko, ko, kisha akasimama. Hakuita wala hakuchungulia. Ilikuwa desturi ya wachukuzi: aliye ndani ya choo apate kuinuka, mama anayeoga apate kujisitiri.

"Mutu ya nyuma hana mlango ya kubisha hodi," aliniambia. "Hiyo chuma ndiyo mlango yake. Gonga, halafu ngoja. Ukiingia bila kungoja, wewe ni polisi."

Hilo ndilo somo lililonilisha miaka yote. Mengine nilijiongezea mwenyewe. Tazama mafiga, maana kila mafiga matatu ni familia, hata kama mwenye nyumba anaapa kuwa pana mtumishi mmoja tu. Tazama kamba ya nguo kabla hujauliza kuna watoto wangapi. Na usitoe kalamu kabla ya salamu; kwa Wasoga, wenyeji wa Jinja, salamu si fupi, na mwanamke huitoa akiwa amepiga magoti, kwa hiyo nami nilijifunza kupiga magoti penye matope bila kukunja uso.

Vifaa vyetu mngevicheka. Sindano zilikuwa za kioo, tulizichemsha katika sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na ncha zake tulizinoa kwenye jiwe kama visu. Ncha ikiwa butu, mtoto alikujulisha papo hapo, na mtaa wote ukajua. Chanjo tulizibeba ndani ya chupa ya chai yenye barafu, na barafu yenyewe tuliiomba kwa wachuuzi wa samaki kule Masese. Kwa hiyo watoto wa Jinja walichanjwa na dawa yenye harufu ya ngege. Walipona vilevile.

Halafu wenye zile nyumba, Wahindi, waliamriwa kuondoka nchini, wakaondoka na masanduku yao. Waliohamia mbele walikuwa watu wapya wenye vibali na bunduki. Wa nyuma walibaki wale wale, kisha wakaongezeka. Vipuri vya viwandani viliadimika, mashine zikasimama moja moja, king'ora kikawa kinalia siku kikijisikia. Watu waliokuwa na nyumba za kampuni walizipoteza. Wakapanga kwenye gereji, kwenye stoo, chini ya ngazi. Namkumbuka msimamizi mmoja wa kiwanda aliyehamia gereji na mkewe na watoto, na kila asubuhi akatoka njia ya ndoo akiwa amevaa shati lililopigwa pasi na tai, akazunguka kona, akatokea barabarani kama mtu anayetoka kwenye veranda yake. Kazi hakuwa nayo. Alikuwa akienda kukaa stesheni mpaka jioni.

Umaskini wa Masese ulionekana. Mabanda yalikuwa wazi pale ufukweni, na kila mgeni mwenye msaada alipelekwa Masese. Sisemi hawakustahili. Lakini mtaa wa ziwani hakuna aliyepeleka hata sabuni. Nani ampelekee sabuni mtu mwenye anwani nzuri vile?

Vita vilipokuja, askari wale waliondoka wakichukua walichoweza, na wengine wakaingia. Ofisi yetu ilibaki na kuta. Jokofu lilikwenda, meza ikaenda, hata mlango wa choo ulikwenda, sijui wa kumfungia nani. Sindano zangu zilinusurika kwa sababu nilizifukia ndani ya mtungi wa unga wa mtama. Mzee Barasa alikuwa amechoka. Alisema anarudi kwao kufa akiwa na uzee wake mkononi. Siku ya kuondoka alinipa ule ufunguo. Haukufungua kitu chochote duniani, lakini niliupokea kwa mikono miwili na nikalia mbele yake bila aibu.

Miezi haikupita mingi, surua ikaingia mjini. Nyinyi surua mnaisoma vitabuni. Sisi tuliizika. Watoto waliokuwa na njaa ya vita hawakuwa na nguvu ya kupigana nayo. Wakati huo ndipo alipofika Sista Moira, muuguzi kutoka Uskoti, mwanamke mnene mwenye miguu iliyoungua jua, akiwa na majokofu madogo, chanjo za kutosha na gari jeupe lenye kipaza sauti juu.

Tulikaa sote kupanga. Mji ulikuwa na Wasoga, Wagisu, Wajaluo, Waacholi na watu waliokimbia kutoka kila upande. Tutawaita kwa lugha gani? Tukakubaliana Kiswahili, kinafika kwa wote. Na nani atasema? Mimi, nani mwingine. Nikapanda gari, tukapita mtaa wa ziwani, nami nikatangaza kwa sauti ya mama yangu: "Wazazi wote, leteni watoto! Tokeni nje na watoto wenu!"

Walikuja watoto wa mbele tu, wenye viatu, wameshikwa mkono na mayaya. Nyuma ya nyumba nilisikia milango ikifungwa. Mwanzoni sikuelewa. Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa akifua akatupa nguo na kukimbia, na katika kukimbia kwake nikajisikia mwenyewe kama alivyonisikia yeye: gari, kipaza sauti, na Kiswahili kikiamuru watu watoke nje na watoto. Miaka mingapi walikuwa wamesikia hivyo, na nini kilifuata? Nilishuka nikakaa kwenye ngazi za gari. Iliniuma, siwafichi. Lugha niliyonyonya nayo ilikuwa imewafukuza watoto mbele ya chanjo.

Sista Moira alinipa maji, akatazama zile veranda kwa muda. Akaniuliza kama kuna njia ya nyuma.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema mji aliozaliwa ni tajiri, una majengo ya mawe ambayo watalii huyapiga picha, na yeye na ndugu zake walilelewa nyuma ya jengo moja la namna hiyo, chumba kimoja, choo cha kushiriki na wakazi wote wa ngazi ile. "Kwetu pia wageni walipitishwa mbele," alisema. Nikampenda tangu saa ile. Tukaacha gari, tukabeba jokofu dogo kila mtu na mkono wake, nikamwingiza njia ya ndoo.

Nilitoa ufunguo wa Mzee Barasa. Ko, ko, ko. Tukasimama. Sista Moira alitaka kusema kitu, nikamwekea kidole mdomoni. Kisha kitasa kikalia, na sura ya bibi mmoja ikatokea.

"Kumbe ni nyinyi watu ya ndoo?" alisema. "Sisi tulisikia ile gari, tukasema wamerudi."

Nikapiga magoti nikamsalimu, salamu yote mpaka mwisho wake. Akaita wenzake. Tulienda nyumba kwa nyumba, tukigonga na kungoja, na watoto wakatoka kwenye mabanda na mastoo mpaka barafu ikaanza kuyeyuka.

Nyuma ya nyumba moja kubwa, penye gereji iliyozibwa mbele kwa mabati, alitoka mwanamke mwembamba ameshika mtoto wa kike mkononi. Wenzake walimwita Nabirye. Huko Busoga jina hilo si la kuchaguliwa. Mwanamke hulipata siku anapozaa pacha, na jina lake la zamani huwekwa kando. Akapiga magoti, tukasalimiana.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ni Babirye, musawo."

Babirye ndilo jina la pacha wa kike anayetangulia. Anayemfuata ni Nakato. Haiwezekani kuwa na Babirye bila Nakato, kama vile haiwezekani kuwa na jana bila leo.

"Na Nakato yuko wapi?"

"Alienda kwa jjajja, bibi yake. Huko Kamuli."

Alijibu upesi mno. Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo kazi ilipo. Pacha akifa, Msoga hasemi amekufa. Husema ameruka. Nabirye angekuwa amempoteza mtoto, angeniambia ameruka nami ningempa pole. Hakusema hivyo, kwa hiyo mtoto alikuwa hai. Na pacha huvishwa sawa siku zote, hilo nalo ni desturi. Juu ya kamba palikuwa na vigauni viwili vya kitambaa kimoja, na vyote viwili vilikuwa vikidondosha maji. Nani humfulia mtoto aliyeko Kamuli?

Nilimchanja Babirye. Alilia, akanyamaza, na aliponyamaza nikasikia kikohozi. Hakikutoka ndani ya gereji. Kilitoka chini yake.

Gereji za zamani zilikuwa na shimo sakafuni, la fundi kusimama akitengeneza gari kwa chini. Hiyo ya Nabirye ilikuwa imefunikwa mbao na juu ya mbao mkeka, ndipo familia ilipolala. Wakati wa vita waliingia shimoni kila waliposikia askari. Asubuhi ile waliposikia kipaza sauti changu, walimteremsha Nakato.

Niliinua mkeka. Nabirye hakunizuia, alikaa chini tu akafunika uso. Mtoto alikuwa amelala juu ya gunia, upele umemjaa, macho yameganda kwa usaha, pumzi zake fupi fupi. Nilishuka mwenyewe nikamkumbatia. Alikuwa moto kama chungu.

"Huyu aende hospitali sasa hivi," nikasema.

"Siwezi, musawo." Nabirye alifunua uso. "Afande ya nyumba alisema, ugonjwa ikionekana hapa, sisi wote tunatoka. Yeye hataki balaa ya munisipali. Tuko familia mingi. Tutaenda wapi? Mimi nitaua watoto ya wengine kwa sababu ya wangu?"

Wanawake wengine walikuwa wamekusanyika, na hakuna aliyesema mtoe wala mwache. Walinitazama. Sijawahi kuona uchungu kama ule: mama anamshikilia mtoto anayekufa ili watoto wa jirani wasilale nje. Nikimbeba kwa nguvu, wote watafukuzwa, na surua itatawanyika nao mji mzima. Nikimwacha, ataruka.

Sista Moira aliuliza tunafanya nini. Nikamwambia abaki na mtoto, ampe maji kwa kijiko. Mimi nikapangusa magoti, nikafunga vizuri kitambaa cha kichwani, nikatoka kwenye kichochoro, nikazunguka kona, nikatokea barabarani. Nikaingia kwa lango la mbele.

Afande alikuwa kwenye veranda na fulana na suruali ya jeshi, akinywa chai. Mtu wa makamo, kovu shavuni. Sikumpigia magoti. Nilisimama wima, mikono ubavuni, na nikamsemesha kile Kiswahili nilichokisikia kwenye vizuizi vya barabarani kwa miaka.

"Afande! Nyumba hii, kuanzia sasa, iko chini ya afya!"

Akaweka kikombe. "Kufanya nini?"

"Kuna surua nyuma, afande. Mtoto mmoja anakwenda hospitali. Wengine wote wanabaki. Hakuna mtu anatoka kuhama, hakuna mtu mpya anaingia. Mtu akifukuzwa hapa anasambaza ugonjwa, na aliyemfukuza anajibu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka afya iseme."

Alinitazama. Nilikuwa nimeloa jasho mgongoni, lakini mgongo hakuuona.

"Hiyo ni amri?" akauliza.

"Ndiyo, afande. Ni amri."

Ya nani, hakuuliza, na mimi sikumwambia, kwa sababu ilikuwa imetungwa kati ya kona ya kichochoro na lango lake. Sheria kama hiyo huenda ipo katika kitabu fulani. Sikuwahi kuitafuta, nikiogopa nisiipate.

Afande aliinuka, akavaa shati. Nilidhani anakwenda kuwafukuza. Alienda nyuma, akainama akachungulia shimo. "Mimi wadogo zangu walienda na hii kitu," alisema, si kwangu wala kwa mtu yeyote. Kisha akafoka, "Munangoja nini? Lete hiyo mutoto kwa gari!"

Nabirye akakataa tena, na safari hii kwa sababu nyingine. Pacha hatendewi mmoja bila mwenzake, wanakasirika, wanakuunguza ngozi. Nakato akipanda gari, Babirye naye apande. Afande akaanza kuguna, nikamwambia hiyo nayo ni amri. Wakapanda wote wawili, wamevishwa vile vigauni vyenye maji, na pikapu ya jeshi ikatoka kwa lango la mbele.

Wodini walitaka kumrudisha Babirye kwa kuwa haumwi. Niliomba wamwache akae kitandani kwa mwenzake. Baada ya siku chache upele ulimtoka naye, mwepesi, na akawa tayari yuko mahali panapofaa. Iteni mnavyotaka, sayansi au pacha. Nakato alipigana mpaka tukakata tamaa mara mbili. Aliishi. Jicho la kushoto lilibaki na utando mweupe na halikuona tena, na kila nilipoliona nilijiuliza kama ile asubuhi tungegonga kabla ya kutangaza, lingeona.

Ile amri sikuiondoa. Wiki zikapita, miezi, mwaka. Familia za nyuma zilibaki. Siku moja Afande alinikuta sokoni, akanisogelea. "Musawo," akasema, "ile amri yako iliisha lini?"

"Bado, afande."

Akatikisa kichwa, akanunua ndizi zake, akaenda. Nafikiri alijua tangu veranda.

Nilipohamishiwa Mbale, nchi ilikuwa imepigana tena na imeanza kupona tena. Mnajua mengine, kwa kuwa ndipo nilipowakuta nyinyi. Mliponiona nikiacha bodaboda barabarani pale Nkoma na kuzunguka nyuma ya hosteli za wanafunzi, mlicheka kwamba Mama Zaitun amepotea njia. Nkoma ni mtaa wa watu wa mshahara, mlisema, huko kuna shida gani? Nami nikawapeleka mkaona: mlinzi na watoto katika nyumba isiyo na paa anayoilinda, mfua nguo na mkongwe wake kwenye kibanda cha jenereta. Kila mji unaong'aa una njia yake ya ndoo. Baadhi yenu hamgongi bado, mnaita tu kwa kipaza sauti. Acheni.

Wenye zile nyumba za Jinja waliporudi kuzichukua, Nabirye alihamia Masese, akawa muuza samaki. Tulipelekeana salamu kupitia madereva. Nilipojua siku ya kuagwa, nikamtumia neno, bila kutumaini. Ni mbali, na yeye sasa ni mtu mzima wa miguu mibovu.

Sasa turudi langoni. Mkubwa wenu alikuwa akisoma vyeo vyangu, na mimi nikasikia mabishano nje. Mlinzi wetu mpya, kijana mwenye adabu, alikuwa amewaona wanawake watatu wenye harufu ya samaki na vikapu kichwani, akawaza ni wapishi. Akawaelekeza wazunguke nyuma, jikoni. Hakuwa na ubaya.

Kisha nikasikia sauti. Imezeeka, lakini niliijua.

"Nyuma nilikaa ya kutosha, mwana. Leo tunapita mbele."

Ndipo nikaacha hotuba. Nilimkuta amesimama katikati ya lango, ameshika fimbo, hasogei. Kulia kwake mwanamke mzima katika gomesi ya kijani, gauni refu la mshipi, kushoto kwake mwanamke mzima katika gomesi ya kijani hiyo hiyo, mshipi ule ule, na mmoja wao jicho la kushoto jeupe. Nabirye akaanza kukunja magoti yake mabovu anisalimu, nikamwahi, nikapiga magoti mimi, na maua yenu na gauni langu la sherehe.

Mlinzi alisema, "Samahani, mama, sikujua ni wageni wako."

Nabirye aliniinamia sikioni. Alininong'oneza mimi. "Nimewaleta wote," alisema. "Tupitishe katikati ya watu, musawo. Nataka waone ni wawili."